Ampli Niliyoichagua kwa Kuigonga Kama Fromaji

Nikubali mapema ili tusipotezeane muda: mimi ndiye yule baba wa kijiji cha Ngungu aliyelia ndani ya mikro ya kusemea mbele ya wakwe zake. Hadithi hiyo imeshafika mbali kuliko mimi mwenyewe nilivyowahi kufika, na njiani imeongezwa chumvi (kuna wanaosema nilizimia, sikuzimia, kuna wanaosema ng'ombe wa mahari walikimbia hadi bondeni, ng'ombe hawakukimbia, walikuwa wanakula majani yangu kwa utulivu ambao mimi siku ile sikuwa nao), lakini kile kilio ni kweli, na kupenga kamasi ni kweli, na hadi leo nikipita sokoni kuna mwanamke muuza mihogo ambaye akiniona tu anajishika koo na kusema, "Allo, allo, moja, mbili." Basi kaeni niwaeleze ilivyokuwa, maana afadhali mcheke kwa habari kamili.

Mimi kazi yangu ni fromaji, hii jibini ya mviringo ya milima yetu. Baba yangu alitengeneza fromaji, nami natengeneza fromaji, na kwenye kazi hii kuna namna moja ya kujua kama kitu ni kizuri: unakiinua kwa mkono mmoja, unakipima uzito, kisha unakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ikiwa nzito na ikajibu kwa sauti nene, iliyoshiba, hiyo ni fromaji ya kupeleka Goma. Ikilia tupu, ndani kuna hewa, imeharibika, wape majirani. Kwa kuinua na kugonga sijawahi kudanganywa tangu nikiwa kijana, na kwa sababu sijawahi kudanganywa na fromaji, nikaamini kwamba siwezi kudanganywa na kitu chochote kinachobebeka.

Sasa, nyumbani nilikuwa na bafle mbili, yaani spika za mbao, ndefu hadi kiunoni, nilizozinunua zamani kutoka baa moja ya Bweremana iliyofungwa. Ni bafle za heshima. Ila ampli, ile mashine ya kuzikuzia sauti, ilikufa, ikatoa moshi ikanyamaza, na kwa muda mrefu zile bafle zilikuwa meza za kuwekea chai na kuanikia nepi za watoto wa wageni. Mimi sikujali, hadi Dieudonné wa Nyabiondo alipotuma watu kumposa Neema, kifungua mimba wangu.

Hapa inabidi niwaeleze kidogo, hasa nyinyi mliokulia mjini. Watu wa Dieudonné ni watu wa jembe, maharagwe na mihogo tangu mababu zao, na sisi ni watu wa ng'ombe, na mnajua bila mimi kurefusha kwamba huku kwetu maharagwe na ng'ombe havijawahi kukaa meza moja bila mtu kununa. Kwao kulikuwa na waliosema kijana anaenda kujitafutia balaa, na kwetu alikuwapo mdogo wangu Faustin, ambaye alisema mengi zaidi ya hayo. Siku ya mahari ikienda vibaya, hao wote wangesema, "Si tuliwaambia," na Neema ndiye angelipa. Kwa hiyo nilitaka siku ile iwe safi kama maji ya chemchemi.

Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu. Mimi na Neema tunafanya kazi pamoja kila asubuhi, yeye anakamua maziwa yaliyoganda, mimi napanga vyungu vya chumvi, na tunaelewana vizuri sana kwa kunyamaza. Basi siku moja baada ya posa, akiwa ameinamia kibanio cha fromaji, akaniuliza bila kuniangalia, "Papa, weye unafurahi niende?" Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikamjibu, "Sukuma vizuri hicho kifuniko." Ndivyo nilivyojibu. Nikamwona anasukuma kifuniko, na nikaona kabisa kwamba nimemuumiza, na sikujua nianzie wapi kurekebisha.

Kwa hiyo nikapanga (angalieni akili yangu) kwamba bafle ndizo zitanisemea. Kwaya ya Neema ilikuwa imerekodiwa kanisani, ninayo kwenye simu. Siku ya mahari, akitoka ndani kuwasalimu wakwe, sauti yake na wenzake ingejaa uwanja mzima, sauti nene, na yeye angeelewa kwamba baba yake alimwandalia. Kilichobaki ni ampli tu.

Nikaenda kwa Mama Jolie. Huyu mama anatengeneza redio na simu pale sokoni Ngungu, kibanda cha mbao, miwani imefungwa kwa uzi, na hakuna kitu chenye waya asichokijua. Nikamweleza nina bafle mbili, nataka ampli. Akaniuliza, "Papa Neema, bafle yako iko na ohm ngapi?"

Nikamwambia, "Iko kubwa."

"Siulize bukubwa. Kule nyuma kuko kakaratasi, kameandikwa namba ya ohm na namba ya wati. Rudia kwako uangalie, kisha ukuye hapa, nitakuchagulia ile inapatana nayo. Ampli ikipita nguvu, inaunguza bafle. Ikiwa na nguvu kidogo, utalazimisha sauti mupaka inakwaruza, na bafle itaungua tu."

Ndugu zangu, kutoka kwangu hadi sokoni ni mwendo wa saa moja, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Kurudi nyumbani kwenda kusoma kakaratasi nyuma ya bafle zangu mwenyewe, kisha nije tena, nikaona ni kujidhalilisha, mtu mzima anatumwa kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Huo ndio uamuzi mdogo ulionimaliza. Nikasema, "Mama, wacha niangalie tu zile uko nazo."

Kibandani alikuwa na ampli tatu. Moja ndogo, nyeusi, ukubwa wa Biblia ya mchungaji. Ya pili ilikuwa na taa za rangi rangi. Ya tatu ilikuwa chini ya meza, ya chuma cha kijivu, na nilipojaribu kuiinua kwa mkono mmoja mgongo ulilia. Moyo wangu ukaruka. Nikaiweka mezani, nikaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikajibu: *dumm.* Sauti imeshiba. Nikagonga ile ndogo, ikalia kama kopo.

Mama Jolie akanitazama juu ya miwani. "Papa, ile haiko fromaji."

"Najua," nikasema. Sikujua.

"Ile iko ya kuitia bantu. Ya kanisa, ya mukutano, ya soko, banaifunga ku pavio, zile baragumu za chuma za juu ya miti. Inajua kusema, haijue kuimba. Ya nyumba ni hii kadogo."

Nikamsikiliza vizuri, neno kwa neno, na moyoni nikasema: kama inaweza kushibisha kanisa zima, itashindwaje na uwanja wangu? Nikachukua ile nzito. Akanipa na mikro yake, ya shingo ndefu inayopinda, akasema vinaenda pamoja, hawezi kuvitenganisha. Mwenye pikipiki aliyenibeba alinung'unika njia nzima, akiniuliza kama nimenunua injini ya lori.

Mke wangu, Mama Neema, akaizunguka ile ampli mara mbili. "Uliuliza Mama Jolie?"

"Nilimuuliza," nikasema, na hapo sikusema uongo, niliuliza kweli.

Ampli nikaiweka chumba cha nyuma, kwa sababu ndiko iliko batri ya umeme wa jua, na waya wa batri ni mfupi. Nyaya za bafle nikazipitisha dirishani hadi uwanjani, chini ya turubai la wageni. Nikawasha. Kwaya ikatoka nyembamba, kama watu wanaimba ndani ya bidoni ya maji, sauti nene hakuna hata kidogo. Nikajipa moyo kwamba ampli ni mpya kwetu, itazoea (kama ng'ombe aliyehamishwa zizi). Mikro nayo nikaijaribu, allo, allo, moja, mbili, kimya. Nikahukumu imekufa. Lakini kwa kuwa ilionekana kama kitu cha ofisi nikaiacha imesimama juu ya ampli, na Mama Neema, ambaye hawezi kuona kitu cha chuma bila kukivisha, akaifunika yote kwa kitambaa chake cha kufuma.

Siku ikafika. Wageni walitoka Nyabiondo tangu jana yake, wakalala njiani, sehemu kwa pikipiki na sehemu kwa miguu, suti zimekunjwa ndani ya mifuko ya plastiki, na walipofika walisimama nyuma ya mgomba, wakavaa, wakatoka huko wakiwa waungwana kabisa. Ng'ombe walikuwa wamewanunua karibu na kwetu, wakaingizwa uwanjani mmoja mmoja. Msemaji wao alikuwa Papa Anselme, baba mkubwa wa Dieudonné, mzee mrefu, mpole, mwenye maneno yasiyo na haraka. Msemaji wetu alikuwa Faustin, na Faustin alipoona ng'ombe wa tatu, mwekundu, tumbo kama ngoma, akaniminya mkono na kuninong'oneza, "Ile walimunywesha chumvi na maji. Kesho itakuwa mifupa." Nikamwambia anyamaze.

Kwaya ikaanza. Nyembamba, inakwaruza. Wageni wakakaa kwa adabu, wakitikisa vichwa vyao kama vile wanasikia muziki. Hadi Papa Anselme, kwa upole wake, akaniinamia, "Papa Neema, redio yenu iko na mafua?"

Watu wa pande zote mbili wakacheka kidogo, kile kicheko cha heshima, na mimi masikio yakawaka moto. Nikaingia chumba cha nyuma kwa haraka, nikainua kitambaa. Ile ampli ina butoni sita za kuzungusha na mimi nilikuwa nimetumia mbili tu. Sikujua nyingine ni za nini, lakini mtu aliyeaibika hasomi. Nikazizungusha zote sita hadi mwisho, nikarudisha kitambaa, nikatoka. Kwaya ikapanda kidogo. Nikakaa nikijiona fundi.

Mazungumzo yakaanza, na mnajua mahari yetu yanavyokwenda: hakuna kusema jambo moja kwa moja. Msemaji wao anazunguka mlima, msemaji wetu anazunguka mlima mwingine, na katikati upande wa mwanamke lazima uombe ruhusa ya kwenda kando kushauriana. Hata kama mmeshakubaliana tangu mwezi uliopita, kando lazima mwende. Mkirudi haraka mnaonekana mnamtupa mtoto, kwa hiyo mnakaa huko, mnaongea hata habari za mbegu, kisha mnarudi na nyuso nzito. Ndipo Faustin akasimama, akaomba ruhusa, na mvua ikaanza wakati huohuo, tukaingia watatu, mimi, mke wangu na Faustin, ndani ya chumba cha nyuma.

Mvua juu ya mabati ya chumba kile inalia kama kokoto. Ili usikike inabidi upaze sauti. Faustin akapaza.

"Ile ng'ombe nyekundu tuikatale. Bale bantu hawajue ng'ombe hata kidogo. Banachagua ng'ombe sawa banachagua gunia ya maharagi: imejaa, basi, banafunga."

"Faustin, acha," akasema mke wangu.

"Na ule muzee naye anasema mingi. Kama ataendelea vile, Neema atazeeka hapa mu kiwanja."

Wakati huo nilisikia kwaya huko nje inashuka kila tunapoongea na kupanda kila tunaponyamaza. Nilisikia kabisa. Nikafikiri ni mvua.

Mke wangu akaanza kukasirika. "Mimi ule kijana ningemupatia mutoto hata bila ng'ombe moja. Wakati Neema aligonjwa malaria, barabara imekatika, nani alitembea siku mbili kwa miguu na dawa mu mufuko? Ni weye, Faustin? Weye ulikuwa hapa karibu, hata kuku hukutuma."

Faustin akanigeukia. "Na weye mwenye mutoto? Unasema nini?"

Nilikuwa nimechoka. Nikaegemea ile ampli kwa viwiko viwili, kichwa changu juu ya kitambaa cha kufuma, mdomo wangu karibu kabisa na kile kitu kilichosimama chini yake. Na sijui ni kwa sababu ya mvua, ama ni kwa sababu ya kuwa kando, maneno yakatoka yenyewe.

"Mimi sitaki ng'ombe. Ile nyekundu na zile zingine, sizitaki. Mimi niko na woga. Neema anajua fromaji kunipita mimi, na sijawahi kumuambia. Aliniuliza kama ninafurahi aende, mimi nikamujibia mambo ya kifuniko. Sasa ataenda Nyabiondo, na asubuhi nitakuwa ninaongea na nani? Sitakuwa na muntu wa kunyamaza naye." Nikalia, ndugu zangu, nikalia vizuri, kisha nikatoa leso nikapenga kamasi kwa nguvu zangu zote.

Mvua ya kwetu inajua kukatika ghafla. Ikakatika. Na katika kile kimya nikasikia mtu uwanjani anavuta kamasi kwa sauti kubwa mno, sauti inayotoka pande mbili. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nikavuta tena, taratibu, kujaribu tu. Naye akavuta.

Faustin akanyoosha mkono, akainua kitambaa kwa ncha za vidole kama anafunua nyoka. Mikro ilikuwa na taa ndogo nyekundu, inawaka. Kumbe haikuwa imekufa, ilikuwa na butoni yake kwenye ampli, moja ya zile sita, iliyokuwa imefungwa hadi nilipoizungusha, na ampli za kuitia watu zina tabia hiyo, mtu akisema kwenye mikro muziki unajishusha wenyewe kumpisha.

Faustin akanong'ona, "Banatusikia?"

Na uwanja mzima ukanong'ona kwa bafle mbili: *Banatusikia?*

Sauti ya Papa Anselme ikaja kutoka nje, ya upole kama kawaida yake. "Tunasikia vizuri."

Mke wangu akakaa chini kwenye gunia. Faustin akaanza kutafuta mlango mwingine, na chumba kile kina mlango mmoja. Mimi nikachomoa waya (sasa ndiyo nikapata akili), nikafuta uso, nikatoka, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kwenda, ni uwanja wangu. Hatua zile kutoka mlangoni hadi kwenye kiti hazizidi kumi, lakini nilizitembea kwa muda mrefu. Watu wote walikuwa wanaangalia viatu vyao. Watu wetu, watu wao, wote viatu. Niliwaza: basi, tumewatukana mbele ya uso wao, msemaji wao tumemwita msema ovyo, ng'ombe wao tumewaita magunia. Watafunga kamba zao waondoke, na Neema hataolewa na mtu anayempenda kwa sababu baba yake alitaka muziki. Naye nilimwona, amesimama kwenye mlango wa jikoni katikati ya wanawake, kitenge kipya, mkono mdomoni.

Papa Anselme akasimama. Kwa desturi angeanza na salamu ndefu, azunguke mlima wake. Safari hii hakuzunguka.

"Bakwe," akasema, "siye tuko bantu ba jembe. Ng'ombe nyekundu ni mimi mwenyewe nilichagua. Nilienda ku soko, nikaona tumbo, nikasema hii imejaa. Ule alisema gunia, hakusema bongo, alisema kweli."

Faustin alikuwa amefika nyuma yangu.

"Lakini na siye tuko na masikio," mzee akaendelea. "Papa Neema, niulize kintu. Ile mashini yako, uliichagua namna gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini baada ya kupenga kamasi kwenye bafle mbili, mtu anabaki na siri gani? Nikajibu, "Niliiinua. Kisha nikaigonga."

"Ukasikia imeshiba."

"Ndiyo, Papa."

"Basi tuko sawasawa," akasema, na akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kabisa, na watu wao wakamfuata, kisha wetu, na nikamwona shangazi mmoja wa Dieudonné, aliyekuja na uso wa kufungwa tangu asubuhi, anapangusa machozi kwa ncha ya kitenge na kumwegemea dada yangu ambaye alikuwa hajasalimiana naye. Faustin akaenda mbele ya mzee, akainama, akaomba msamaha kwa maneno machache, na kwa Faustin maneno machache ni kazi kubwa.

Papa Anselme akamshika bega. "Hapana omba musamaha. Kesho tuende mimi na weye ku soko, unioneshe namna banaangalia ng'ombe. Ile nyekundu tuirudishe kwa mwenyewe, tumuambie anywe chumvi yeye." Kisha akanigeukia, na hakuwa anacheka tena. "Na yale maneno ingine tulisikia, Papa Neema, siye hatutaweza kujifanya hatukusikia. Tulikuwa na woga ya kuja hapa. Balituambia mutatuhesabu sawa bantu ba chini. Sasa tumejua huyu mutoto anatoka mu nyumba ya bantu banamupenda. Ndiyo kile tulikuwa tunatafuta kujua."

Nilidhani yameisha hapo. Nilikuwa naanza kupumua. Ndipo Neema akatoka jikoni, bila kuitwa, bila kwaya, bila chochote cha yale niliyoyapanga, akavuka uwanja wote wenye matope na viatu vyake vipya, akaja kusimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu na shavu limelowa, kwa hiyo kila mtu pale alijua kwamba alisikia kila neno.

Akasema, "Papa, kule jikoni kulikuwa mvua. Sikusikia muzuri. Rudilia."

Nikaangalia huku na huku. Mke wangu, aliyekuwa amejikongoja hadi mlangoni, akanifanyia ishara ya kichwa: sema. Hakukuwa na mikro, hakukuwa na kitambaa, hakukuwa na mvua. Mbele ya watu kama arobaini, mimi, ambaye kwa miaka yote nimesema na mtoto huyu habari za chumvi na vifuniko, nikamwambia, "Neema, unajua fromaji kunipita. Sifurahi uende. Ila ninafurahi ni kwa Dieudonné unaenda." Akaweka paji lake la uso begani kwangu, na tukanyamaza wote wawili, ile namna yetu, mbele ya watu.

Baada ya arusi nililala chini kifudifudi nyuma ya bafle zangu, nikafuta vumbi, nikasoma kakaratasi, nikaandika namba mkononi kwa kalamu na kwenda kwa Mama Jolie nikiwa nimeikunja mikono ya shati ili zisifutike. Habari alikuwa nayo yote, kwa hiyo hakuniuliza kitu. Alilinganisha mkono wangu na nyuma ya ile ampli ndogo ya ukubwa wa Biblia, akatikisa kichwa kukubali. Ile nzito ilichukuliwa na kanisa moja la kule juu mlimani, na nimeambiwa inaita watu vizuri sana, hadi bonde la pili. Hii ndogo, siku ya kwanza nilipoiwasha, kwaya ikatoka imeshiba, sauti nene chini, sauti nyembamba juu, na katikati ya wale wote nikaitambua sauti ya Neema, ambayo kwenye simu sijawahi hata siku moja kuitenganisha na za wenzake. Nilirudia wimbo ule hadi batri ikalalamika.

Sasa viapo vyangu, mniwekee mashahidi. Sitachagua tena kitu chenye waya kwa kukigonga. Sitazungusha butoni nisiyoijua, hata anicheke nani. Tukienda kando, mimi ndiye wa kwanza kuinua vitambaa vyote. Faustin na Papa Anselme wanaweza kuendelea kunicheka huko sokoni, maana siku hizi wanatembea pamoja kuangalia ng'ombe kama watu waliozaliwa nyumba moja, na kila mmoja anadhani ndiye anayemfundisha mwenzake.

Ila kiapo kikubwa ni kile cha mdomo wangu. Neema hupiga simu kutoka Nyabiondo kila Jumapili baada ya misa, na mtandao wa huku mnaujua, unakatika pale pale ambapo mtu ameanza kusema jambo la maana. Zamani ningeshukuru. Siku hizi natoka nje, napanda kilima na simu mkononi hadi irudi kushika, kisha namuuliza neno la mwisho alilosikia, na naendelea kuanzia hapo.